Muuguzi unayetaka kujiendeleza, anza na cheti chako cha kidato cha nne

Wauguzi wengi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kurudi shule wanakwamishwa na karatasi. Ada wanaitafuta wanaipata, uwezo wanao. Karatasi yenyewe mara nyingi ni cheti cha kidato cha nne, kile walichokifungia sandukuni tangu siku walipoanza kazi. Nimeliona hilo kwangu, nimeliona kwa wenzangu wa Rungwe, Makete na Mbozi, na linaniuma kuona mtu mwenye mikono mizuri ya kazi anabaki pale pale kwa kukosa somo moja.

Mama zetu katika kazi hii, wasaidizi wa afya ya mama na mtoto wa miaka ya 1970 na 1980, waliingia na darasa la saba, wakazalisha watoto wa Kyela na Ludewa ambao leo ni watu wazima. Mlango huo ulizidi kubana kidogo kidogo. Mwaka 2004 serikali ilifanya kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuingia kwenye utumishi wa umma. Ikaja Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliyokaza usajili na leseni. Mwaka 2017 uhakiki ukatoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na tangu hapo uhakiki wa vyeti umekazwa.

Leo anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake ziwemo baiolojia, kemia na fizikia. Hisabati na Kiingereza vinamwongezea nafasi tu. Akitaka kuendelea na shahada kwa kutumia stashahada yake, kwa kawaida anaulizwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au wastani wa B, halafu anarudishwa tena kwenye cheti cha kidato cha nne: angalau D kwenye yale masomo matano, hisabati na Kiingereza vikiwemo. Maana yake unaweza kuwa wa kwanza darasani kwenye stashahada na bado ukazuiwa na hisabati ya ujana wako.

Mimi shule yangu haikuwa na mwalimu wa fizikia. Chuo cha cheti kilinipokea hivyo hivyo, nikahitimu, nikapangiwa zahanati moja Rungwe. Nilipotaka stashahada nikaambiwa niilete fizikia. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, fizikia na hisabati kwa pamoja, kwa sababu nilikwishaona kuwa hisabati ingenisubiri mbele. Nilisoma jikoni kwenye nyumba ya watumishi, Julai ile ya Tukuyu, blanketi mabegani na mvua ikipiga bati. Binti wa jirani wa kidato cha tatu ndiye aliyenielekeza mwanga unavyopinda ukipita kwenye lenzi. Alichora mistari kwa rula nyuma ya kalenda ya zamani, mimi nikimweleza damu inavyoingia na kutoka kwenye moyo. Tulifaulu wote wawili.

Kwa hiyo toa cheti chako leo na ukisome kama anavyokisoma mtu wa udahili. Kama kuna pengo, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza mapema kila mwaka na mtihani ni mwishoni mwa mwaka huo huo. Usisubiri upate ruhusa ya masomo ndipo uanze kutafuta D. Na ukishaanza, chukua yote yanayokosekana mpaka ngazi ya shahada, hata kama leo unaiona shahada iko mbali.

La pili ni majina, na hapa sisi watu wa Mbeya tuna tabu ya pekee. Cheti cha kuzaliwa kinasema Atupele, cha shule kinasema Atupelye, kitambulisho cha NIDA kimebeba ukoo wa mume. Mfumo wa maombi ya chuo hauelewi kwamba ni mtu mmoja. Chukua jina la cheti cha kidato cha nne kuwa ndilo kipimo, vingine vyote vilifuate. Baraza la Mitihani, NECTA, halitakubadilishia jina kwa sababu umeolewa. Kama tofauti ni kubwa, nenda kwa wakili mapema mtengeneze hati ya kubadili jina, iwe tayari kabla maombi hayajafunguliwa. Mwenye stashahada anayeomba shahada atahitaji pia namba ya uhakiki wa stashahada, ile AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na hapo napo jina likipishana herufi moja unakwama.

Uliyeajiriwa, ruhusa ya mdomo kutoka kwa mganga mfawidhi haina thamani. Omba kwa maandishi kwa mkurugenzi, na hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nimefanya kazi na dada mmoja aliyekwenda kusoma kwa makubaliano ya maneno tu. Aliporudi na stashahada, kubadilishiwa kada, yaani cheo cha kitaaluma, kukawa mgogoro mrefu, kwa sababu nafasi yake haikuwekwa kwenye ikama, ile idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, wala kwenye bajeti. Hata ukiwa na ruhusa kamili, mwezi uleule unaoripoti kazini peleka cheti, usajili mpya na barua ya kuomba kubadilishiwa kada, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masijala.

Nasema usajili mpya kwa sababu cheti cha chuo hakikupandishi. Mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga likusajili kwa ngazi hiyo, wewe kisheria ni wa ngazi ya zamani. Kuna mtihani wa Baraza baada ya chuo, na wa shahada wana mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mwenye watoto aupange mwaka huo mapema, maana si lazima upangwe Mbeya.

Wazazi mnaopeleka watoto baada ya matokeo: bango la chuo kwenye stendi ya Kabwe au Mafinga si uthibitisho. Kabla hujalipa hata shilingi, tazama jina la chuo na kozi yenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET.

Na wale waliobakiza miaka michache kufika 60 na kustaafu wananiuliza kama nao wahangaike na fizikia. Jibu langu ni hapana, labda kama moyo wako mwenyewe unataka. Muuguzi wa cheti mwenye leseni hai ni muuguzi halali, na zahanati za milimani Makete zinasimama kwa watu kama hao. Wao wahakikishe leseni haipiti tarehe, na kila semina wanayohudhuria wilayani wadai uthibitisho wa kuhudhuria, kwa kuwa ndio unaohesabiwa kwenye mafunzo endelevu wakati wa kuihuisha.