Mlango wa babu umezibwa na rangi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kondoa mjini, tumerithi nyumba ya babu, ya zamani sana, mlango wa mbele una nakshi, ule mfaa, yaani ubao wa katikati unaosimama pale mbawa mbili za mlango zinapokutana, umechongwa maua na mnyororo toka juu mpaka chini ila huwezi kuona vizuri maana ulikuwa unapakwa rangi ya mafuta karibu kila Idi, bluu juu ya kijani juu ya nyeupe. Kuna kijana kaniambia atapiga moto na tochi ya gesi halafu amalizie na grenda, siku moja tu kazi imeisha. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie hata kama anakufanyia bure. Mimi nikiwa bado najifunza kazi niliwahi kupitisha grenda kwenye maua ya mlango wa watu, rangi ilitoka kweli, ila yale maua yalibaki kama sabuni iliyotumika wiki nzima, kona zote zimekwisha, na mbao ikishaliwa hairudi, mpaka leo naumia nikikumbuka.

Moto nao una balaa lake. Rangi za mafuta za zamani, hasa hiyo nyeupe ya chini, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ukiichoma unavuta moshi wa sumu, ukiisaga kavu vumbi linaingia mpaka kwenye chakula, na watoto ndo wanaoumia zaidi maana risasi inaharibu ubongo unaokua. We chukulia tu kwamba ipo. Ng'oa mlango uulaze nje kwenye kivuli juu ya nailoni, watoto na kuku wakae mbali, vaa barakoa nzito na glavu, usifagie pakavu, futa na kitambaa kibichi, na yale maganda yafunge kwenye mfuko, usiyamwage bustanini.

Sasa kazi yenyewe ni kulainisha. Tafuta dawa ya kutolea rangi ile nzito kama uji, soma kopo kwanza, ukiona ina methilini kloridi iache, hiyo imeshaua watu waliofanyia kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Jaribu kipande kidogo upande wa ndani, chini kabisa. Paka nene, usisugue, halafu funika na nailoni, hapa watu wengi ndo wanakosea maana upepo wetu huu wa kiangazi unakausha dawa kabla haijafanya chochote wanasema dawa feki. Iache nusu saa au zaidi, ukigusa na kijiti rangi ikikunjamana kama utando wa maziwa ujue tayari.

Sehemu bapa tumia skrepa butu. Kwenye nakshi usitumie bisibisi kabisa, chonga vijiti vya mwanzi, kimoja chenye ncha kimoja bapa, na mswaki wa zamani, na kwenye ile mifereji ya mnyororo chovya kamba ya katani kwenye dawa uivute huku na huku kama unasafisha meno, utashangaa rangi inavyotoka. Rudia mara mbili au tatu, tabaka kwa tabaka, mfaa mmoja unaweza kukumalizia wiki na ni sawa tu.

Kuna watakaokuambia utumie kostiki ile ya kutengenezea sabuni. Inalainisha kweli, ila inakula gundi na inaifanya mbao iwe nyeusi. Stilwaya pia hapana, vipande vinabaki kwenye mbao vinapata kutu.

Ukimaliza futa na tapentaini, acha ikauke siku kadhaa, pitisha msasa laini kwa mkono sehemu bapa tu, na kabla ya hapo hakikisha hakuna rangi iliyobaki. Halafu paka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kidogo kidogo. Matambara uliyopakia mafuta hayo usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye ndoo ya maji.