Maswali ya Lugha: Silabi 16 au 9?

SWALI: Ninajifunza Kipolandi. Neno dziewięćdziesięciopięcioletni, yaani "mwenye umri wa miaka 95", nimelihesabu nikapata silabi 16. Mwalimu anasema ni 9. Nani kakosea? Na neno refu hivi huundwaje?

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, wewe umehesabu kwa Kiswahili. Kwetu kila irabu ina silabi yake: ki-a-zi, u-a. Katika Kipolandi, i ikifuatwa na irabu nyingine haiwi silabi, inalainisha tu konsonanti iliyoitangulia. Neno lako lina herufi 29. Irabu ni 16, na 7 kati yake ni hizo i za kulainisha. Zinabaki 9: dzie-więć-dzie-się-cio-pię-cio-let-ni. I ya mwisho imehesabiwa kwa sababu haifuatwi na irabu.

Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, kwa hiyo hapa ni LET. Lakini usijisahau: umbo la kike ni letnia, na Mswahili huwa anasoma let-NI-a. Sivyo, ni LET-nia, silabi mbili. Kwenye letniego, umbo jingine la neno hilohilo, mkazo unahama kweli, let-NIE-go, maana silabi imeongezeka.

Kuliunda, anzia mwishoni. -letni inatokana na lat, "miaka". Kisha geuza namba iliyo mbele yake: dwa (2) huwa dwu-, cztery (4) huwa cztero-, pięć (5) huwa pięcio-, dwadzieścia (20) huwa dwudziesto-, dziewięćdziesiąt (90) huwa dziewięćdziesięcio-, sto (100) huwa stu-. Namba ikiwa na sehemu mbili, zote mbili hugeuka: wa miaka 25 ni dwudziestopięcioletni. Wanafunzi wengi hugeuza pięć wakaiacha dwadzieścia ilivyo. Ukitumia tarakimu andika 95-letni, basi. Ile "95-cio letni" ni kosa, hata ukiikuta imeandikwa na Mpolandi.

SWALI: Mbona biało-czerwony ina kistari na jasnozielony haina? Na mstari ukiniishia katikati ya neno, nikate wapi?

JIBU: Tazama uhusiano wa sehemu mbili. Zikiwa na hadhi sawa, weka kistari: biało-czerwony ni nyeupe na nyekundu za bendera ya Poland, kila rangi na upande wake. Ya kwanza ikiifafanua ya pili, unganisha: jasnozielony ni kijani isiyokolea. Ndiyo maana "wa Afrika Mashariki" ni wschodnioafrykański, neno moja, lakini "wa kaskazini-mashariki" ni północno-wschodni.

Mahali pazuri pa kukata ni kwenye kiungo: wschodnio-afrykański. Usitenganishe cz, sz wala ch. Kila jozi ni sauti moja. Jozi ya dz ndiyo yenye mtego. Katika dziewięć haikatwi, ila podziemny, "wa chini ya ardhi", ina kiambishi pod-, kwa hiyo d na z zinaachana: pod-ziemny. Na zachodnioeuropejski, "wa Ulaya Magharibi", usikate katikati ya eu. Hiyo ni silabi moja: za-chod-nio-eu-ro-pej-ski.

Neno lenye kistari chake likikatikia hapohapo, kistari huandikwa mara mbili: biało- mwishoni mwa mstari, -czerwony mwanzoni mwa unaofuata. Ukiacha cha pili, msomaji atadhani neno halikuwa na kistari tangu mwanzo.