Kazi Uswidi kwa muuguzi aliyemfuata mumewe

Dada, umesema uko Göteborg kwa kibali cha mume, una diploma ya uuguzi kutoka Dar, umetuma maombi ya kazi kwa Kiingereza kila kona na hakuna anayejibu. Kikwazo si vyeti vyako, ni lugha. Leseni ya uuguzi hutolewa na Socialstyrelsen, mamlaka ya serikali ya afya na ustawi wa jamii, na hao wanataka Kiswidi cha C1, yaani kiwango cha juu. Hiyo ni safari ya miaka, usijidanganye. Ila kibali chako kinakuruhusu kufanya kazi, basi usikae ukiisubiri leseni.

Ukishapata personnummer, ile namba ya utambulisho ya mkazi, jiandikishe SFI, masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, kupitia manispaa. Masomo ni bure. Huku ukisoma, lenga nyumba za wazee. Kuanzia Juni hadi Agosti wafanyakazi huenda likizo kwa wingi, na manispaa huanza mapema, baridi haijaisha, kutafuta wa kuwashikia nafasi. Ingia Platsbanken, tovuti ya matangazo ya kazi, tafuta neno "sommarvikarie" (wa kushika nafasi kiangazi) au "vårdbiträde" (msaidizi wa huduma).

CV iwe kurasa mbili, kwa Kiswidi, mwalimu wako aipitie kwanza. Cheti cha darasa la saba kiache kabatini. Barua nayo isianze na "Mheshimiwa Mkurugenzi". Huku hata bosi huitwa jina lake la kwanza. Chini ya tangazo mara nyingi kuna jina na simu ya msimamizi. Piga! Sisi tunaona ni usumbufu, kumbe kwao ni kawaida, na atasikia Kiswidi chako kimefika wapi. Wakala akikuomba hela ili akupe kazi, mkimbie.