Si kila utawala usio wa kidemokrasia ni udikteta

Umeuliza kama "udikteta" linatosha kwa kila utawala usio wa kidemokrasia. Halitoshi. Udikteta, au uimla, ni pale mtu mmoja anapoamua bila wa kumzuia. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Bunge likavunjwa, akatawala kwa amri, na 1976 akatangazwa rais wa maisha. Kwa kuwa aliingia kwa bunduki, ulikuwa pia utawala wa kijeshi.

Chama kimoja ni jambo jingine, na hapa naomba tuwe waangalifu. Tanzania, kuanzia 1965 hadi 1992, chama kilikuwa kimoja kisheria, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa ubunge, na 1965 hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Kenya 1988 ilikuwa tofauti kabisa: wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na baadhi ya wenye foleni fupi wakatangazwa washindi. Huo nauita utawala wa mabavu bila kusita.

Eswatini je? Mfalme Sobhuza II alifuta katiba 1973 akapiga marufuku vyama. Huo ni ufalme usio na mipaka.