Kabla Hujampaka Mbwa Wako Chochote, Tazama Anajikuna Wapi

Simba alikuwa mbwa wangu wa kwanza hapa Gungu, na nilimuua mwenyewe nikidhani namtibu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila kiangazi kinapokolea Kigoma, vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye masufuria, naona mbwa mitaani wamepakwa oili chafu kuanzia shingoni hadi mkiani. Weusi tii, wanang'aa juani. Roho inaniuma, maana najua aliyempaka kampaka kwa mapenzi, kama nilivyofanya mimi.

Nauza kwa jumla mawese na mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi. Stoo iko uani, madumu yamepangwa hadi mlangoni, kwa hiyo bila mbwa usingizi sipati. Simba alianza kunyonyoka manyoya kwenye kingo za masikio, kisha kwenye viwiko. Jirani akasema mpake mawese, si unayo ya kumwaga? Nikampaka wiki nzima. Mawese yalilainisha magamba, lakini vumbi likamganda, na kile kilichokuwa kinamla ndani ya ngozi hakikuguswa. Ndipo fundi mmoja wa gereji akanipa kopo la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori. Nikampaka mwili mzima. Siku mbili akatulia, nikafurahi. Kumbe katulia kwa kuishiwa nguvu. Mbwa ukimpaka kitu atajilamba, hakuna namna ya kumzuia, na oili ile imebeba masalia ya metali na kemikali zilizoungulia ndani ya injini. Nyingine inapita kwenye ngozi ambayo tayari ina vidonda. Simba alitapika, akakataa maji, na siku ya 5 alikufa chini ya mwembe.

Mbwa aliyefuata, Kito, alipoanza kujikuna sikugusa kopo lolote. Nilimfuata bwana mifugo. Nikamwambia, "Shikamoo baba, mbwa wangu ana upele." Akaitikia, kisha akaniambia neno ambalo ndilo sababu ya makala hii: "Mama, usiniambie ana upele. Niambie anajikuna wapi." Upele ni jina tunalovipa vitu vingi visivyofanana, na dawa ya kimoja haigusi kingine. Ila mwilini mwa mbwa kila kimoja kina mahali kinapopenda kuanzia.

Nianze na masikio, maana huko ndiko Simba alikoanzia. Kingo za masikio zikiwa na magamba makavu, manyoya yakanyonyoka, na hali hiyohiyo ikawa kwenye viwiko, kwenye vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni pasipo na manyoya mengi, fikiria ukurutu kwanza. Huo unaletwa na utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Muwasho wake haupumziki, mbwa anajikuna usiku kucha mpaka unasikia mguu unagonga ukuta. Kuna jaribio alilonionyesha bwana mifugo: shika ukingo wa sikio, usugue taratibu kati ya vidole. Mguu wa nyuma wa upande uleule ukianza kupiga hewani kana kwamba anajikuna, hiyo ni dalili nzito ya ukurutu. Siyo uthibitisho kamili. Daktari anaweza kukwangua ngozi na kutazama kwa darubini, na hata hapo utitiri wakati mwingine hauonekani ilhali upo, kwa hiyo usimshangae akiamua kutibu kwa dalili.

Ukurutu huu unaambukiza. Kito alipoupata, mbwa wangu mdogo Popi alifuata, na baada ya siku chache mwanangu wa mwisho akatoka vipele vyekundu mikononi na tumboni, pale anapomkumbatia. Nilimpeleka zahanati nikidhani ni chakula. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mama, nyumbani mnafuga mbwa?" Utitiri wa mbwa haustawi kwenye ngozi ya binadamu, vipele vile huisha vyenyewe mbwa akishatibiwa. Lakini ukimtibu mtoto ukamwacha mbwa, mtarudi zahanati kila wiki. Na mbwa wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata yule ambaye hajaanza kujikuna.

Usichanganye ukurutu na nzi wa masikio. Mbwa wenye masikio ya kusimama, hasa wanaolala karibu na zizi au kule mwaloni Kibirizi kwenye dagaa, hung'atwa na nzi kwenye ncha za masikio. Utaona damu iliyoganda, nyeusi, juu kabisa, na kwingine mwilini hana kitu. Huyu hahitaji dawa ya ukurutu. Osha ncha zile kwa maji ya chumvi, zikikauka mpake mafuta mazito ya mgando kuwazuia nzi wasitue, na ondoa kinyesi na mabaki ya samaki karibu na anapolala.

Mtoto wa mbwa ndiye anayewatisha watu bure. Ananyonyoka duara kuzunguka macho au pembeni mwa mdomo, anaonekana kama amevaa miwani, lakini hajikuni sana. Huyo mara nyingi ana utitiri wa aina nyingine, anaoupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Haumrukii mtu. Watoto wengi hupona wenyewe kinga ya mwili ikikomaa, mradi wanakula vizuri na wamepewa dawa ya minyoo. Nimeona mtoto wa mbwa wa hivyo anatupwa porini kwa kuogopwa. Tafadhali, msifanye hivyo. Ukiona yanaenea mwili mzima au yanatoa usaha, hapo ndipo umkimbize kwa daktari.

Akijing'ata mgongoni karibu na mkia, manyoya ya hapo yakawa machache na ngozi nyekundu, tafuta viroboto. Chukua karatasi nyeupe, iloweshe, mchane mbwa juu yake ili uchafu uanguke. Vipunje vyeusi vikiyeyuka na kuacha rangi ya kahawia yenye wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu huo ni damu ya mbwa wako. Vikibaki vyeusi, ni vumbi tu. Wapo mbwa ambao mate ya kiroboto huwadhuru kiasi kwamba kuumwa mara chache kunatosha kuwanyonyoa, kwa hiyo usiseme "sijaona viroboto wengi" ukaacha. Na ukiona vitu kama punje za mchele kwenye kinyesi chake, jua kwamba viroboto pia hueneza tegu. Omba dawa ya minyoo palepale.

Kupe nitawapitia haraka kwa kuwa wanaonekana. Mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, vuta moja kwa moja, usimpasue kwa kucha wala kummwagia mafuta ya taa. Mbwa mwenye kupe akianza kupoteza hamu ya kula, fizi zikapauka, mkojo ukawa mweusi au pua ikatoa damu, hilo limeshatoka kwenye ngozi. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Sasa miguu. Hapa kwetu hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mbwa akilamba nyayo muda mrefu, akatembea kama anakanyaga miiba, mgeuze miguu utazame kati ya vidole. Kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe ni funza, yuleyule anayewaingia watoto wetu. Anapenda vumbi kavu na sakafu ya udongo, ndiyo maana kiangazi anazidi. Wachache unaweza kuwatoa kwa sindano iliyochemshwa, ukamtoa mzima bila kumpasua, kisha ukapaka dawa ya vidonda. Sindano hiyo isitumike kwa mtu. Wakiwa wengi usimchokonoe mnyama wa watu akalia, mpeleke. Na ujue kwamba mbwa anayeachwa bila kutolewa funza anawarudishia watoto mayai uani kila siku.

Yupo na mwingine, huyu namjua kwa Popi. Msimu mmoja wa mvua alitoka vijipu tumboni, kila kimoja na tundu dogo katikati. Nilitaka kuvikamua kama chunusi. Dada wa dukani, duka la dawa za mifugo, akanizuia: ndani ya kila kijipu kuna funza wa inzi, yule inzi wa kahawia ya manjano anayetaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi. Ndiyo sababu mama zetu walisisitiza kupiga pasi hata nguo za ndani. Popi alikuwa akilala kivulini chini ya kamba ya nguo. Tulipaka mafuta ya mgando juu ya kila tundu, tukasubiri kama nusu saa. Funza huyo anavuta hewa kupitia tundu hilo, akikosa, anachomoza. Hapo unabana taratibu pande mbili anatoka mzima. Ukimkata akabaki ndani, mahali pale panavimba na kutunga usaha. Tulitoa 9 jioni ile, mwanangu akiwa ameshika tochi ya simu.

Duara lisilo na manyoya, lenye ukingo wa magamba, linaloongezeka upana, mara nyingi ni choa. Ni fangasi, inaambukiza watoto, na haitibiwi kwa dawa ya ukurutu. Hilo tu.

Ukishajua anajikuna wapi, piga picha kwa simu, andika lini ilianza na nani mwingine nyumbani anajikuna, uende navyo. Msaada wa daktari unategemea sana maelezo yako.

Kuhusu dawa, nina mambo niliyoyaona kwa macho. Sindano ya ivermectin wengi tunainunua wenyewe dukani, na kwa ukurutu inafanya kazi kweli. Lakini chupa ile ya asilimia 1 imetengenezwa kwa ng'ombe: mililita 1 ni kipimo cha kilo 50. Mtoto wa mbwa wa kilo 4, ukikosea mstari mmoja tu kwenye bomba la sindano, umemzidishia mara kadhaa. Tena wapo mbwa wenye damu ya jamii za Ulaya za kuchungia kondoo ambao mwili wao hauivumilii kabisa. Huanza kutetemeka, kutoa mate, kuyumba, macho yakapanuka. Mbwa wetu wengi mjini ni mchanganyiko, hujui babu yake alikuwa nani. Mwache daktari ampime uzito kwanza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isimwagwe kwa kukisia na kifuniko cha chupa; kipimo cha josho si cha mbwa, na hujilamba akimaliza kuoga. Na kwa ajili ya Mungu, usimpe diclofenac, ibuprofen wala panadol ili "apunguze maumivu". Vidonge hivyo vinaharibu tumbo, figo na ini lake.

Kuoga kunasaidia, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Najua mtaniuliza kuhusu sabuni zetu za mawese, maana ndizo tulizonazo. Nyingi zina kostiki kali, na ngozi iliyochubuka inaungua. Mimi huzitumia kufulia matandiko yake tu. Kidonda kibichi kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kata manyoya yaliyogandamana pembeni ili hewa ipite.

Kazi kubwa iko anapolala. Mayai ya kiroboto hayabaki mwilini mwa mbwa, yanateleza na kuangukia kwenye gunia lake, kwenye nyufa za sakafu, kwenye vumbi la uani, na akishajifungia kwenye kifuko chake kiroboto mchanga anaweza kungoja miezi. Niliyachoma magunia yote ya Kito na Popi. Kibanda nikakipiga sakafu ya saruji, mfuko mmoja ulitosha. Nafagia kila asubuhi, namwagia maji ya moto kwenye pembe, na kamba ya nguo nimeihamishia juani.

Kwa ukurutu wa Kito daktari alirudi mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Ziara ya pili nilitaka kuikataa kwa sababu alikuwa ameacha kujikuna na pesa ilikuwa ya mzigo wa mise. Alinieleza kwamba mayai yaliyokuwa ndani ya ngozi siku ya kwanza hayakufa, yataanguliwa, na nikiacha hapo nitaanza upya nikiwa nimepoteza pesa ya mwanzo. Nikalipa. Kwenye wiki ya 6 manyoya yalianza kurudi kwenye viwiko, malaini kama ya mtoto, na yakaja meupe kidogo kuliko ya zamani. Masikio ndiyo yalichelewa. Mpaka leo, kila Jumapili jioni nikimaliza hesabu za stoo, namwita, nasugua ukingo wa sikio kati ya vidole, na natazama ule mguu wa nyuma. Umetulia.