Kabla ya doula, tufungulieni mlango wa leba

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza "Ungemlipa doula akae nawe wakati wa kujifungua?" Mi naona mmeruka hatua, yani mnaniuliza habari za kulipa wakati hospitali zetu nyingi hata mama yako mzazi anaishia getini na beseni lake. Kwanza nani anaruhusiwa kuingia? Kwa asiyemjua doula, ni mtu aliyefundishwa kukaa na mama muda wote wa uchungu, anamkanda, anamtuliza, anamsemea, ila hazalishi wala hapimi njia, hiyo ni kazi ya mkunga. Na kazi hiyo ya doula siku zote nasema tunayo bure, mashangazi wapo.

Mdogo wangu uzazi wake wa kwanza alijifungulia hospitali moja ya wilaya huku Tanga, siitaji. Tumefika usiku, akapokelewa, sisi tukaambiwa kaeni nje. Ndani nesi mmoja na vitanda vyote vimejaa, sasa atamshika nani amwache nani? Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kaja na mkwewe, aliwahi kuwa mhudumu wa afya kijijini kwao, nesi anamfahamu akamruhusu aingie. Mkwewe akajifungua mapema, yule mama badala ya kwenda zake akahamia kwa mdogo wangu aliyekuwa analia peke yake sauti imemkauka. Akajifunga khanga vizuri, akaweka kiganja chini ya mgongo pale juu ya makalio, uchungu ukija anakandamiza kwa nguvu, ukiachia na yeye anaachia. Akamshusha kitandani wakawa wanatembea mpaka dirishani na kurudi, akamnywesha chai ya rangi kidogo kidogo, anamwambia usisukume bado mwanangu, toa pumzi taratibu kama unapuliza jiko. Alfajiri chupa ya uzazi ikapasuka, maji ya kijani, dalili kwamba mtoto anaweza kuwa taabani. Hakugusa kitu, akatoka mbio kumwita nesi, daktari akaja, mtoto akatoka kwa njia ya kawaida na akalia. Mdogo wangu kila Idi anamtumia yule mama doti ya khanga.

Sasa shangazi yetu usiku ule nilikuwa naye nje, na nampenda sana, lakini alikuwa anahangaika tupate namna ya kupenyeza dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, dawa ambazo zinaweza kupasua kizazi mama akafa. Hapo ndo naandika huku najiuliza, kumbe ndugu na mtu anayejua anachofanya sio kitu kimoja.

Hata wataalamu wameliona hilo. Uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, ulikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, waliokaa na mtu muda wote walizaa zaidi kwa njia ya kawaida, upasuaji ukapungua na uchungu ukawa mfupi kidogo. Upasuaji ulionekana kupungua zaidi pale msaidizi alipokuwa wa aina ya doula, na pale ambapo sindano ya ganzi ya mgongo haipatikani kirahisi, yani ndo leba zetu hizi, ingawa wenyewe wametahadharisha kuwa hapo tusikimbilie kuhitimisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao kwenye mwongozo wao wa 2018 wanapendekeza kila mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe. Kinachokwamisha huku mara nyingi ni pazia tu, vitanda havina faragha kwahiyo wanaogopa kuingiza watu, hasa wanaume. Wekeni mapazia jamani, pazia ni shilingi ngapi?

Kwahiyo jibu langu, ndio ningemlipa, japo nilianza kuandika nikiwa na hapana. Ila awe anakubalika na wakunga wa pale, bei iwe ya mtu wa kawaida, na ningefurahi zaidi kama halmashauri ingewafundisha wamama kama yule na kuwalipa wao, asiye na hela naye apate. Na akianza kunishawishi nizalie nyumbani hapo hapo tunaachana, hela yangu anarudisha.