Dawa usiiache, peremende ndio uache

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Voice yako nimeiskiza, waniuliza mbona mdomo umekua mkavu tangu uanzishiwe hio amitriptilini, dawa ya maumivu ya kichwa, ulimi wagandama, mkate haushuki bila maji, na daktari wa meno huko Mombasa amekwambia meno ya nyuma yaanza kuoza na we wapiga mswaki kila siku. Sasa wataka kuiacha. Usiiache, angalau si kwa kuamua peke yako, maana kile kichwa kikirudi najua ntapigiwa simu mimi saa nane za usiku.

Mate hayatoki tu. Kuna tezi, zile kubwa ni jozi tatu, mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, na mishipa ya fahamu ndio huziamrisha zitoe, mtu mzima hutoa kama nusu lita mpaka lita na nusu kwa siku. Hio dawa yaziba ile amri isifike. Tezi zako ni nzima, hazina ugonjwa. Alafu Piriton, ile dawa ya mzio, nayo hufanya vivo hivo, na we nakujua, vumbi likikushika wazimeza kama njugu, kwa hio una dawa mbili za kukausha kwa wakati mmoja na naapa daktari wa kichwa hana habari na hio ya pili.

Sasa skiza vizuri. Ukila kitu kitamu, vijidudu vya mdomoni hugeuza ile sukari kua asidi, pH (kipimo cha asidi, kikishuka ndio asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi jino laanza kuyeyuka juu juu, mate ndio huja kuipoza na kulirudishia jino madini yake, kalsiamu na fosfeti. Mdomo mkavu hio kazi haifanyiki, asidi yakaa pale pale. Na we ushasema mwenyewe kwamba kutwa una peremende mdomoni na soda pembeni ya kukata ukavu! Basi dawa imekausha, lakini meno yachimbwa na hizo peremende.

Tena usiku ndio mbaya zaidi, kwa sababu mtu akilala mate hupungua karibu yaishe, hata asie na dawa, na we dawa yenyewe waimeza usiku, kwa hio ukipiga mswaki kisha ukanywa chai ya sukari yakaa na meno mpaka alfajiri. Baada ya mswaki ni maji matupu, basi. Na ile dawa ya meno iwe na floridi, tema povu lakini usisukutue, iwache ifanye kazi.

Mchana kunywa maji kidogo kidogo, na utafune chingamu isiyo na sukari, kutafuna huita mate. Msuaki wa mti pia waita mate, nitakutumia wa huku, ila usiache ule wa floridi. Shangazi yako atakwambia unyonye ndimu na chumvi, ni kweli mate yatatoka, lakini ndimu ni asidi, meno yako kwa sasa hayaiwezi. Na muguka, yale majani ya kutafuna, sitaki kuuliza, najua tu kwamba nayo yakausha na watu huiteremshia soda.

Ukiona utando mweupe ulimini au pembe za mdomo zapasuka, huenda ni ukungu, una dawa yake, usikwangue. Nyanyako alipoanza dawa zake meno ya bandia yakawa yaanguka akicheka, tukadhani yameharibika, kumbe mate ndio huyashika.

Ukienda klinki beba dawa zote kwa mfuko mmoja, hata hizo za kununua dukani. Muulize daktari kama dozi ya amitriptilini yaweza kupunguzwa, na kama Piriton yaweza kubadilishwa na setirizini au loratadini, dawa mpya za mzio, hazikaushi sana kama zile za zamani. Na kama kiu haikatiki na waamka kukojoa kila mara, mwambie akupime sukari pia, maana hio nayo hukausha mdomo na kwetu imo kwenye ukoo, babako alianza vivo hivo. Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi.

Mamako
Langoni, Lamu